Picha Zilizowekwa Kando

Inspekta alimkuta mama amekaa kwenye benchi la korido ya hospitali, mkoba mapajani, miguu ameiinua kidogo ili msafishaji apitishe mopu. Inspekta alikuwa amechelewa. Mume wa mama huyo alikwisha kuingizwa chumba cha upasuaji, na kesi ilikuwa inaanza kusikilizwa wiki iliyofuata.

Faili lilimfikia Inspekta baada ya mwenzake kuhamishwa kituo, na kwa juu juu halikuwa na dosari. Mume wa mama huyo, fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Sekunde, alikuwa ameshuhudia binti yake wa pekee akisukumwa ngazini katika jengo walimoishi. Binti alivunjika shingo akafa papo hapo. Majirani walipofika walimkuta mzee amempakata, anarudia neno moja tu: shemeji, shemeji. Na shemeji yake, kaka wa mkewe, seremala mwenye karakana chini ya jengo lilelile, alikuwa amesimama mbele yao anahema, vumbi la mbao limemjaa mikononi. Alisema alikuja mbio baada ya kusikia kishindo. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu siku chache kabla alisikika akimfokea mpwa wake mpaka sauti ikafika ghorofa ya juu. Kituoni mzee alilirudia neno lile, akasomewa maelezo yake, akaitikia kwa kichwa, akaweka sahihi. Tangu siku hiyo seremala alikuwa rumande.

Kisha mzee akaanguka kifafa akiwa kazini. Madaktari wakampiga picha kichwa, wakaona uvimbe upande wa kushoto wa ubongo.

Inspekta aliketi kando ya mama. Alitaka kujua mambo mawili: kama shahidi ataweza kusimama mahakamani, na ugonjwa ule ulianza lini. La kwanza mama hakulijua. La pili alilijibu akiwa ameangalia sakafu. Ulianza zamani kuliko walivyowaambia madaktari. Mwaka mzima kabla ya msiba, mumewe alikuwa anaomba bisibisi huku mkono umenyooshwa kwenye koleo. Alikuwa anawaambia wateja warudi jana. Yeye mama ndiye aliyekuwa akikaa karibu na kumalizia sentensi zake, anacheka, anasema mzee ana utani.

"Nilimficha, mwanangu," alisema. "Nani atamwachia saa yake fundi anayeiita redio?"

Inspekta alimwomba amweleze siku yenyewe. Mama alikuwa sokoni. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na mzee, asiyeweza kukaa bure, alitoa meza yake ndogo akaiweka kwenye kona ya ngazi, chini ya dirisha, apate mwanga. Inspekta alimkatiza hapo. Faili lilisema mzee alikuwa "kazini kwake," na kazini kwake kulijulikana kuwa ni chumba cha mbele, mlango umefungwa nusu. Akauliza nani mwingine alijua habari za meza ile. Mama akafikiri. Hakuna, alisema. Aliporudi alikuta watu wote wako chini na marehemu. Akapanda, akaiona meza njiani, akairudisha ndani kwa mikono yake bila kujua anafanya nini. Polisi hawakuuliza, naye hakuona sababu ya kusema.

"Na kaka yako alipokamatwa, mzee alisema nini?"

Mama aliuhamisha mkoba kutoka mapajani.

"Alinishika mkono akaniambia, 'Siyo shemeji. Ni shemeji.' Siku nzima ni hilo tu. Nikaona msiba umemvuruga akili. Nikamwambia anyamaze."

Alieleza kwamba tangu siku hiyo hajakwenda rumande hata mara moja. Angeingia kwa uso gani, wakati aliyemfunga kaka yake ni mumewe, na kama kweli kaka yake ndiye, basi aliyemuua mwanawe ni damu yake mwenyewe? Kila upande aliogeukia ulikuwa wa kwake. Aliyebaki kuwafaa ni mkwe wao tu, mume wa marehemu, dereva wa lori la gesi. Huyo kila mchana alifika hospitali na chupa ya supu. Mzee alikuwa akigeuza uso ukutani. Juzi aliipiga chupa teke ikamwagika kitandani. Mama aliona aibu isiyo na kifani. Kijana wa watu kafiwa na mke, na bado anawahangaikia wakwe.

Inspekta aliuliza mzee alianza lini kumkataa mkwe wake.

"Tangu msiba," alisema mama. "Nilidhani akimwona anamkumbuka mwanetu."

Mtaalamu wa usemi alikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya chumba cha upasuaji, tayari amevaa kofia na barakoa imening'inia shingoni, anapanga kadi za picha. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu, na alieleza kazi yake bila kuacha kupanga. Mzee angefunguliwa fuvu akiwa usingizini, kisha angeamshwa. Ngozi ya kichwa ingekuwa na ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Daktari angegusa sehemu mojamoja kwa kifaa chenye ncha mbili, kinachopitisha umeme dhaifu, huku mzee anataja picha. Akikwama mahali palipoguswa, hapo ndipo neno linapokaa, na hapo kisu hakipiti. Ramani ile haikuwa na kitabu. Kila mtu ana yake, inabidi itafutwe yeye mwenyewe akiwa macho, anaongea.

"Na hizi?" Inspekta alionyesha picha za familia katikati ya kadi za vikombe na baiskeli.

Mtaalamu alisema kila mgonjwa huulizwa kitu ambacho hataki kukipoteza. Wengine huomba kuhesabu, wengine kuimba. Mzee hakueleweka alipojibu kwa maneno, lakini mkewe alipoleta picha za nyumbani aliziwekea kiganja, hakukiondoa. Basi wakaziingiza. Kila picha ilijaribiwa kwanza wodini, mara tatu kwa siku tofauti. Ile aliyoikosea huwekwa kando, kwa sababu akiikosea ndani hutajua ni mkono wa daktari au ni ugonjwa.

Inspekta aliomba kuona zilizowekwa kando.

Zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Kijiko, mzee alikiita uma. Dirisha aliliita mlango. Kiatu, soksi.

"Hakosei ovyo," alisema mtaalamu. "Anakwenda kwenye kabati sahihi, anatoa kitu cha rafu ya pili. Na hasikii kwamba amekosea. Kwake yeye amesema dirisha. Ukimsomea neno lake hilohilo, atakubali."

Chini kabisa palikuwa na picha moja ya familia. Mwanamume mnene kidogo, suti imembana, amemshika bega bibi harusi aliyekuwa akicheka mdomo wazi.

"Huyu alimwitaje?"

"Shemeji. Mara zote tatu."

"Na shemeji mwenyewe, yule seremala?"

"Shemeji. Hiyo aliipata. Ipo kwenye zitakazotumika."

Inspekta aliziweka picha mbili sambamba mezani, ya seremala na ya dereva. Akauliza kama kuna njia yoyote ya kujua mzee anapotamka neno lile anamsema nani. Mtaalamu alitikisa kichwa. Kwa neno, hakuna. Lakini nyuso anazijua zote. Hajawahi kuchanganya uso.

Daktari bingwa alikuwa ananawa mikono mpaka viwikoni. Inspekta alimweleza kwa kifupi, akaomba picha ya mkwe irudishwe miongoni mwa kadi, aulizwe swali moja tu akiwa macho, kwa kuwa huenda akatoka mle hana usemi kabisa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mle ndani namtafutia maneno yake," alisema. "Simtafutii mtu wa kufunga."

Alimruhusu kuangalia kwenye skrini ya chumba cha pembeni, kwa sharti kwamba lolote litakalosemwa mezani halitaandikwa popote. Inspekta alikubali. Kabla hawajaanza, alipiga simu bohari ya gesi, akamwomba msimamizi wa malori amtafutie lori la dereva yule lilikuwa wapi siku ya msiba. Ilikuwa simu ambayo hakuna aliyewahi kuipiga, kwa sababu mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana.

Kwenye skrini mzee alikuwa amelala ubavu, kichwa kimebanwa na chuma, shuka la kijani limetundikwa kama hema. Upande mmoja wa hema alikuwepo daktari na ubongo uliokuwa ukidunda polepole. Upande wa pili alikuwepo mtaalamu, uso kwa uso na mgonjwa, amemshika vidole. Hawa wawili hawakuona kinachoonwa na daktari.

"Hii ni…"

"Hii ni baiskeli."

"Hii ni…"

"Hii ni kikombe." Kisha ukimya. Midomo ya mzee ilicheza bila sauti. Daktari aliondoa kifaa, akarudia, mzee akakwama tena palepale. Kipande kidogo cha karatasi chenye namba kikalazwa juu ya ubongo. Wakasogea.

Ilichukua muda. Mara moja uso wa mzee ulianza kutetemeka upande, na maji baridi yakamiminwa haraka juu ya ubongo mpaka uso ukatulia. Mtaalamu alimfuta mate, akamuuliza kama yuko tayari, naye akasema yuko tayari, twende kazini. Zilikuja picha za familia. Mkewe alimtaja bila shida. Kisha ikaja ya binti, katika nguo za kazi, nywele zimefungwa.

"Huyu ni…"

Mzee aliitazama. Kifaa kilikuwa kimegusa ukingo wa uvimbe. Chozi lilimtoka na kupita juu ya pua, lakini sauti haikutoka. Daktari aliinua mkono wake.

"Chiriku," alisema mzee. "Chiriku wangu."

Lilikuwa jina lake la nyumbani. Daktari aligusa tena, jina likapotea, akainua, likarudi. Mara ya tatu hakugusa. Aliweka karatasi. Kisha akamwambia msaidizi wake kwamba uvimbe umekaa juu ya jina la mtoto, na kipande kile watakiacha.

Wakaanza kukata. Mtaalamu alimtaka mzee aendelee kuongea, chochote, asinyamaze. Mzee aliongea juu ya saa za zamani zilivyokuwa na subira, juu ya springi, juu ya mkewe. Maneno mengine yalikuwa sahihi na mengine yalikuwa ya jirani. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya mazungumzo, kwamba aliwaambia watu wote ni nani, na watu wote walimsikia, na wakamwacha mtu huyo amletee chakula.

Kalamu ya Inspekta ilikuwa mfukoni. Hakuitoa.

Simu ya bohari ilirudi wakati daktari anafunga. Siku ya msiba lori lile halikutoka. Lilikuwa uani, limevuliwa magurudumu ya nyuma.

Dereva alifika mchana kama kawaida yake, chupa mkononi, akamwamkia mama mkwe wake kwa heshima, akauliza hali ya mgonjwa. Inspekta alijitambulisha. Akasema anataka msaada kidogo kwa ajili ya kesi. Dereva akasema yuko tayari, maana haki ya marehemu ni lazima ipatikane. Walisimama karibu na benchi, hatua chache kutoka kwa mama.

Alirudia maelezo yake ya zamani bila kuyumba: siku ile alikuwa safarini kupeleka mitungi, akapigiwa simu, akarudi mbio. Inspekta hakumpinga. Alimwambia tatizo lake ni shahidi. Madaktari wanasema mzee huchanganya maneno, kwa hiyo wakili wa seremala anaweza kudai kwamba aliona mtu mwingine.

Dereva alihamisha chupa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akasema labda basi mzee hakuona mtu yeyote. Tusimlaumu, ni mgonjwa.

"Maelezo yake yanasema aliona vizuri."

"Aone vizuri wapi, Inspekta? Mtu ana lenzi jichoni, ameinamia saa, amekaa pale kwenye kona ya ngazi na kimeza chake. Ataona nini?"

"Alikuwa ngazini?"

"Si umeme ulikuwa umekatika."

Msafishaji alipita na ndoo yake. Inspekta alingoja apite.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Mama," alisema dereva.

Mama aliinua kichwa. Hakupandisha sauti.

"Sijakuambia," alisema. "Sijamwambia mtu mpaka leo asubuhi."

Inspekta akamweleza dereva habari za lori lililovuliwa magurudumu. Dereva aliiweka chupa sakafuni kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa itavunjika, akaketi kwenye benchi la upande wa pili. Alipoanza kusema alisema kwa haraka, na mengi hayakuulizwa. Mkewe alikuwa amehamia kwa wazazi wake kwa sababu amechoka kupigwa. Aliwahi kutaka kurudi, na mjomba wake seremala ndiye aliyemfokea, akamwambia asithubutu. Siku ile yeye dereva alikwenda kumchukua. Walikutana ngazini, akamshika mkoba, mkewe akauvuta, wakavutana. Hakuinua macho aliposema alimwona mzee pale juu, amesimama, lenzi bado iko jichoni.

"Sikumsukuma," alisema. "Niliuachia tu mkoba."

Inspekta alimuuliza kwa nini alikuwa anakuja hospitali kila siku. Akasema alitaka kujua mzee amesema nini. Askari waliokuwa chini waliitwa, wakampeleka. Njiani hakugeuka.

Mama hakulia. Alikaa akiwa ameangalia chupa ile ya supu sakafuni.

"Kwa hiyo siku zote hizo alikuwa ananiambia."

"Ndiyo, mama. Alikuwa anakuambia."

"Nami namwambia anyamaze."

Daktari bingwa alitoka jioni inaingia, alama ya barakoa imemkaa usoni. Aliwaambia sehemu kubwa imetoka salama. Kipande kimebaki, naye hakuficha kwamba kitakua tena, na siku hiyo watakuwa na machache ya kufanya. Mama aliuliza kwa nini hakikutolewa. Daktari alimweleza jina lililokuwa chini yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Akasema hata yeye asingekitoa.

Mzee alipopata nguvu ya kuketi, Inspekta alirudi na askari kutoka kituo kingine, mtu asiyejua lolote kuhusu kesi ile, ili asije akamwelekeza kwa macho. Walipanga mezani picha za wanaume wanane wa umri tofauti, seremala na dereva wakiwamo. Inspekta mwenyewe alisimama nje ya mlango. Swali lilikuwa moja, nalo halikuwa na jina la udugu ndani yake: nani alikuwa na binti yako ngazini? Mzee alipitisha macho, akaweka kidole juu ya uso wa dereva. Askari alichanganya picha, akamuuliza tena. Kidole kikaenda palepale, na safari hii hakikutoka. Ilibidi mkewe aje akiinue.

Kwa ushahidi huo na maelezo ya dereva, mashtaka ya seremala yalifutwa.

Inspekta alimpeleka mama kwa gari mpaka lango la rumande. Walingoja pamoja na watu wengine waliokuja kupokea watu wao. Seremala alitoka na shati alilokamatwa nalo, sasa linampwaya mabegani. Alimwona dada yake, akasimama mbali. Mama naye alishindwa kupiga hatua. Mwishowe ni kaka aliyesogea. Aliuliza kwanza habari ya shemeji yake, ameamkaje, anakula? Mama akasema anakula. Alianza kuomba msamaha, na kaka yake akamwambia hayo watayaongea, yana siku yake.

"Nipelekeni kwanza alipozikwa," alisema. "Sikumzika."

Makaburini ilibidi wamuulize mlinzi, kwa sababu mama hakuwa amerudi tangu mazishi na safu zilikuwa zimeongezeka. Walilikuta kaburi karibu na ukuta, nyasi zimeanza kuota. Kibao kilikuwa kizuri, cha mbao nene iliyopakwa vanishi, na mama alieleza kwa sauti ndogo kwamba ni mkwe aliyekigharimia. Chini ya jina la marehemu palichongwa: Mke wangu kipenzi, nitakukumbuka daima. Halafu jina la mume.

Seremala aliyasoma maneno yale. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ubao, kama fundi anavyopima kazi ya fundi mwenzake. Kisha akakishika kibao kwa mikono miwili, akakitikisa mpaka udongo ukalegea, akaking'oa. Alikwenda kukiegemeza ukutani, maandishi yakiangalia matofali.

Mama alimtazama. Alipiga magoti, akaanza kulifukia lile shimo kwa viganja vyake.